Kinanda Kilichopiga Mwano

Nikhil alikuja Ushirombo na buti la gari likiwa tupu, na kabla sijatoa andazi la mwisho kwenye mafuta buti lilikuwa limejaa. Sanduku la chuma la mama yake. Chuma chake cha kuchomea chapati. Picha ya marehemu baba yake, imefungwa kwenye shuka. Na kile kisanamu chake cha shaba anachokisalia asubuhi, kimekalishwa juu ya mto, kimetulia kama abiria aliyekwishalipa nauli.

Mama mwenyewe alisimama barazani anaangalia, kama mtu anayeona jeneza lake likitolewa na wabebaji wanaligonga mlangoni.

Jina lake ni Urvi, lakini hapa kwetu huyo hatumjui. Tunamjua Mama Nikhil. Ana duka la sufuria, ndoo, majembe na kandili. Mimi nakaanga maandazi kwenye baraza lake tangu wote wawili tulipokuwa na meno, na hatujawahi kupitisha asubuhi bila kutukanana. Yeye husema maandazi yangu yanafaa kujengea kisima. Mimi husema chai yake ina viungo mpaka mtu akinywa hapa anapiga chafya Kahama. Ndivyo tunavyopendana. Wahindi wenzake wa hapa walikwishaondoka, mmoja Mwanza, wengine Ulaya, wengine kwa Mungu, yeye kabaki na duka na kinanda. Siyo kinanda kikubwa cha kanisani. Hiki ni kidogo, cha kukaa nacho chini kwenye mkeka; mkono mmoja unapampu upepo kwa nyuma, mwingine unatembea juu ya meno.

Nikhil si mtu mbaya, nisije nikamchafua. Masika yaliyopita mama yake aliteleza uani, akalala hapo, nyonga imeumia, mpaka nilipokuja na moto wa jiko nikamkuta. Tangu siku hiyo kijana hana usingizi. Anakaa Shinyanga, anauza vipuri vya mashine za kuchambulia pamba, nyumba yake ina ukuta mrefu, geti la umeme na mkewe Hiral ambaye ni mwema lakini kutwa yuko kwenye simu. Mama Nikhil alikaa huko wiki moja akarudi amekonda. Aliniambia mtu pekee aliyemwamkia wiki nzima ni mlinzi, na mlinzi alikuwa analipwa.

"Mama," Nikhil alisema mbele yangu, maana nikikaanga watu hudhani masikio nayo yako kwenye mafuta, "hapa huna mtu. Ukianguka tena, nani atakuja?"

"Watu wangu wapo."

"Wako wapi?"

"Leo mchana napiga kinanda kwenye tamasha. Njoo uwaone."

"Sawa. Nikiwaona, nitashusha vitu vyote kwa mkono wangu. Nisipowaona, tunaondokea palepale uwanjani. Umekubali?"

Mama Nikhil akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mafuta. Huyo mtoto alimpata baada ya kungoja sana, na tangu amzae hajawahi kumwambia neno hapana. Alipotaka kula chaki, alipewa chaki.

"Sawa," akasema.

Tamasha lenyewe lilikuwa la Bartholomeo, afisa utamaduni. Kijana mzuri, ugonjwa wake ni warsha. Alikwenda warsha Geita akarudi na maneno mapya kama mtu aliyerudi na mafua. Maneno yalikuwa "mazungumzo baina ya tamaduni." Akawaita wenye vikundi: kwaya ya misheni ya mwalimu Eustace, kaswida ya Abdulhalim na madufu yao, ngoma ya Kisukuma ya Bagalu, na Mama Nikhil na kinanda chake. Mimi sikuitwa, nilikuja na maandazi.

"Muziki ni lugha ambayo dunia nzima inaielewa," alitusomea.

"Sasa mbona unatuambia kwa Kiswahili?" nikamuuliza.

"Bibi, acha utani. Nahitaji kujua, hapa kwenu nani hapatani na nani?"

Tukatazamana. Abdulhalim akasema yeye hapatani na mkwewe. Eustace akasema katika kwaya yake sauti ya pili haipatani na sauti ya tatu. Bartholomeo alisikitika sana, maana alikuwa ameleta amani nyingi kuliko ugomvi uliokuwepo. Tukamhurumia, tukamwahidi kwamba tutajitahidi kugombana kidogo kabla ya siku yenyewe.

Kosa lake lilikuwa moja. Alifunga kipaza sauti kwenye bodaboda, ikazunguka mji mzima: "Njooni kwenye mazungumzo! Njooni wote kwenye mazungumzo!" Sasa hapa kwetu mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba hakuna mazungumzo yaliyowahi kuitishwa yakaisha bila mchango. Mchango wa choo cha shule, mchango wa bati la zahanati, mchango wa kupokea mgeni aliyekuja kuzungumzia michango. Wachimbaji wakasikia, wakashuka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu ambayo siku zingine hawataki hata kuyasogelea. Wanaume wakaenda kukagua mashamba yaliyokwishavunwa. Wanawake wakakumbuka shangazi wagonjwa.

Tulipofika uwanja wa mnada, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mstari kwa mstari mpaka kwenye kreti za soda, na aliyekaa ni Nikhil peke yake. Pembeni yake alikuwa amesimama mbuzi.

Nikhil akainuka taratibu akamsogelea mama yake. Hakucheka, na ndilo lililoniuma, kwamba hakucheka.

"Mama, watu wako ndio hawa?"

Mama Nikhil akamtazama mbuzi. "Yule ni wa jirani yetu Amosi," akasema. "Amosi mwenyewe hawezi kuwa mbali."

Bartholomeo akavihutubia viti. Aliongea kuhusu umoja, viti vikatulia, kimoja tu kilipeperushwa na upepo. Alipomaliza tukapiga makofi sisi wa jukwaani, tukijipigia wenyewe. Muda wote huo kinanda kilikuwa juani, jua la mnadani lisilo na huruma, mbao zake zinalia kwi, kwi, na vumbi la ng'ombe linaingia kila kwenye tundu.

"Mama, tuondoke jua halijazama," akasema Nikhil, funguo za gari mkononi.

"Nipige kidogo tu."

"Umpigie nani?"

Akakaa kwenye mkeka, akakusanya sari yake. Bartholomeo akaweka maiki mbele ya kinanda, na maiki hiyo ilikuwa imeungwa kwenye spika mbili za tarumbeta, zile za kutangazia mnada, zilizofungwa juu ya mlingoti ili ng'ombe wa wilaya nzima ya Bukombe wajue bei zao.

Mama Nikhil akapampu. Akabonyeza jino moja la juu, jembamba. Likazama, halikurudi.

Uuuuuuuui.

Akaacha kupampu, sauti ikafa. Akajaribu tena, uuuuuuuui. Jino limekwama.

"Pampu mama, pampu kwa nguvu!" akasema Eustace, ambaye amefundisha kwaya miaka yote kwa dawa hiyohiyo. "Kitakohoa, vumbi litoke!"

Akapampu. Uuuuuuuui, pumzi. Uuuuuuuui, pumzi. Mimi nikahisi nywele za kisogoni zinasimama, na nilipowatazama wale wapiga ngoma wa Bagalu nikaona wote wamegeuka rangi.

Kwa asiyejua nimweleze. Mwano ni yowe la hatari la Wasukuma. Ni sauti moja ya juu, ndefu, inakatika kwa pumzi, inarudiwa. Anayeusikia huacha alichoshika, akaupokea kwa mdomo wake ili na jirani apate, kisha akakimbilia ulikotoka na fimbo. Asiyekwenda ana kesi. Na anayeupiga bila hatari yoyote ana kesi kubwa zaidi, huyo hutengwa. Haamkiwi, hapewi chumvi, dukani kwake haingii mtu, akiumwa atajipepea mwenyewe. Nimewahi kumwona mtu aliyetengwa, alifika mahali akawa anamwamkia ng'ombe.

"Acha!" nikapiga kelele. "Mama Nikhil, acha kupampu!"

Nilichelewa. Nyuma ya soko mwanamke mmoja alikwishaupokea. Wa kwake ukapokelewa kwa fundi baiskeli, wa fundi baiskeli ukavuka barabara, ukaenda unapungua kama kengele inayokimbia, mpaka tukawa hatuusikii tena, ila tunajua unaendelea.

Mbuzi akaacha kutafuna.

Halafu wakaja.

Wa mbele alikuwa Amosi, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, ambaye siku za kawaida anauza dawa za mifugo. Firimbi mdomoni, upinde mkono mmoja, tonge la ugali mkono wa pili, maana mwano haukumpa nafasi ya kulimeza. Nyuma yake sungusungu na fimbo zao. Nyuma yao mtu aliyenyolewa nusu, na shuka la kinyozi shingoni, na kinyozi anamfuata asije akakimbia na mtaji. Wakaja washenga waliokuwa wanakwenda kuposa, pamoja na ng'ombe wao. Akaja mgonjwa wa zahanati na chupa yake ya dripu, nesi ameiinua juu wanakwenda hatua sawa kama maharusi. Wachimbaji wakatoka maduarani na tochi za kichwani zinawaka mchana kweupe. Wao wakiona watu wanakimbia hawaulizi mwizi ni nani. Wanajua duara la mtu limetema dhahabu, wanabeba makarai.

Kila aliyefika aliona viti. Na mtu aliyekimbia mbio zile akiona kiti, anakaa. Dakika chache tu tamasha la Bartholomeo likajaa mpaka viti vikaisha, watu wakaanza kukaliana.

"Karibuni sana!" akasema Bartholomeo, machozi yanamlenga. "Karibuni kwenye maz..."

Nikamkanyaga mguu.

"Mwizi yuko wapi?" Amosi akauliza. Amosi na herufi ya r hawajawahi kuelewana, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. "Hatali iko wapi? Nani kapiga mwano?"

Vidole vyote vya jukwaani vikaelekea kwenye kinanda. Nikaona uso wa Mama Nikhil unapauka, maana anaijua mila yetu kuliko watoto wetu. Kinanda ni chake. Akitengwa yeye, hata mimi nitakatazwa kumtukana asubuhi. Na Nikhil hatahitaji kubishana na mtu. Mama asiyeamkiwa atabebwa Shinyanga kama mzigo wa pamba.

"Kamanda," nikasema, "wewe umeuliza nani kapiga. Aliyepiga ni kinanda. Kihoji chenyewe."

Amosi akafikiri. Ni mtu wa haki. Akameza tonge, akakizunguka kinanda, akachuchumaa mbele yake.

"Wewe. Kwa nini umepiga mwano?"

Kinanda kikanyamaza.

"Kina kiburi," akasema mmoja wa sungusungu.

"Hakina pumzi," nikamwambia. "Mama Nikhil, kipe pumzi kijitetee."

Mama Nikhil akapampu. Uuuuuuuui! Na kwa sababu kisheria anayesikia lazima apokee, uwanja mzima ukapokea, "Hoooooo!" na huko mbali, kwenye vijiji ambavyo mara ya kwanza havikusikia vizuri, ukapokelewa upya. Baada ya muda kidogo likaja kundi la pili, lenye vumbi zaidi kuliko la kwanza, linauliza mwizi yuko wapi.

"Swali la pili," akasema Amosi.

"Kamanda, usiulize la pili!" akalia Bartholomeo, lakini Amosi alikwishauliza, kinanda kikajibu, watu wakapokea, na basi lililokuwa linakwenda Geita likasimama barabarani likamwaga abiria, kila mmoja na fimbo aliyoiokota njiani, na kondakta analia kwamba ana ratiba.

Hapo Mama Nikhil akasema. Alisema Kisukuma, tena kile cha adabu. "Mwadila, baba," akaanza, na uwanja mzima ukajibu, maana salamu ni salamu hata mahakamani. Kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Kamanda, hiki hakikupiga mwano. Kwetu sauti kama hii haisimami kwa sababu ya mwizi. Inashikwa, haiachiwi, ili mwimbaji apate mahali pa kuanzia. Ni kama uwanja. Huwezi kucheza bila uwanja."

"Basi cheza tuone," akasema Amosi.

Akapampu kwa mkono mmoja, sauti ileile iliyokwama ikatoka, naye akaanza kuimba juu yake, taratibu, kwa Kihindi chao. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mumewe afe. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa inajua njia.

"Anasema nini?" Amosi akauliza.

"Mimi nitatafsiri," nikasema. Nimekaa barazani kwake miaka, Kihindi ninachokijua ni maji, haraka, kaa chini, na tusi moja zuri. "Anasema: nimeishi kwenye nchi ya watu wenye masikio makubwa, sijawahi kulala bila kuamkiwa."

"Siyo hivyo!" Nikhil akaruka. "Huo ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Unasema tembo amekuja na kikombe cha maziwa."

Watu wakamgeukia. Watu wengi, na fimbo nyingi.

"Hicho ni Kihindi cha Shinyanga," nikamwambia. "Mama yako anaimba Kihindi cha Ushirombo."

Mstari wa kwanza ukaisha, sauti ya kinanda ikabaki peke yake, na uwanja ukaipokea, "Hoooooo." Hawakuweza kuacha, sheria ni sheria. Mstari wa pili. Nikatafsiri kwamba mwanangu ni mwema lakini ameoa simu. "Tembo amemwaga maziwa!" akasema Nikhil, ila safari hii kwa sauti ndogo. Uwanja ukapokea. Eustace sasa akawa hajiwezi. Mtu wa kwaya akisikia umati unapiga "ho" moja isiyo na mpangilio anaumwa tumbo. Akainua mikono akawagawa: wachimbaji chini, sungusungu kati, abiria wa Geita juu, washenga wakae kimya mpaka waambiwe. Safari iliyofuata "ho" ilitoka imepangwa kama ghorofa. Abdulhalim akatazama mbinguni, akatazama dufu lake, akasema, "Kamanda, kupiga dufu kwenye kesi ni vibaya?" Amosi akasema halijakatazwa. Dufu likaingia. Na Bagalu hawawezi kusikia dufu linapiga wao wamekaa; ngoma yao ikaingia, miguu ikaingia, vumbi likapanda, mgonjwa wa dripu akaanza kutikisa bega na nesi akawa hana budi kutikisa chupa.

Na katikati ya yote Mama Nikhil anaimba habari za tembo na maziwa, macho amefumba.

"Haya ndiyo mazungumzo!" akapiga kelele Bartholomeo. "Haya ndiyo yenyewe!"

"Nyamaza wewe," akasema Amosi, bega lake nalo linakwenda. "Tuko kwenye kesi."

Nikamtazama Nikhil. Alikuwa anausema wimbo kwa midomo, bila sauti. Nadhani hakujua.

Wimbo ukaisha. Watu wakafuta jasho, na Amosi akajikumbuka, akakaza uso.

"Wimbo ni mzuli," akasema, "na Mama Nikhil sote tunampenda. Lakini shelia haina wimbo. Mwano umepigwa, watu wameacha kazi, huyu kanyolewa nusu. Mwano huwa wa kweli au wa uongo. Kama hatali haikuwepo, mwenye kinanda atatengwa. Nami itaniuma, maana majembe nanunua kwake."

Nikhil akashusha pumzi, akamshika mama yake mkono, kwa upole kabisa. "Umesikia, mama? Twende nyumbani."

Nikaona mwenzangu anainuka. Anainuka kweli! Akili yangu ikazunguka kama andazi kwenye mafuta, halafu ikageuka upande wa pili, ikaiva.

"Kamanda!" nikasema. "Hatari ilikuwepo. Ipo mpaka sasa. Fungua buti la lile gari."

Nikhil akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia, na huyu nimemfuta kamasi utotoni. Buti likafunguliwa. Wakatoa sanduku, wakatoa chuma cha chapati, wakatoa baba yake kwenye shuka. Kisanamu cha shaba wakakiona, wakavua kofia, wakakiacha kikae.

"Mali ya nani?" akauliza Amosi.

"Ya Mama Nikhil," nikasema.

"Inahamishwa na nani?"

"Na huyu."

Uwanja ukaguna, fimbo zikakaa sawa.

"Jamani, ni mama yangu!" akasema Nikhil. "Namchukua mama yangu!"

"Kumbe na mama naye alikuwa anachukuliwa," akasema yule mwenye nusu nywele, na watu wakaguna zaidi.

Amosi akainua mkono. "Tusimwonee mtoto wa watu. Mama akikubali, ni safali, si wizi. Mama Nikhil. Mali hii, na wewe mwenyewe, umeluhusu mchukuliwe?"

"Mwambie, mama," akasema Nikhil. "Tulikubaliana. Mwambie."

Sasa hapo mimi sikuwa na la kutafsiri. Nikamwona anamtazama mwanawe kama alivyomtazama siku ya chaki. Midomo ikafunguka kidogo. Nikajua kinachokuja, "sawa" inakuja, ile "sawa" yake ya maisha yote, na nikaanza kufikiri baraza lile litakuwaje bila mtu wa kunitukana.

Akaufunga mdomo. Akauinua uso. Akapiga mwano.

Ulianza mwembamba kama mvuke wa birika, kwa sauti ileile ya jino lililokwama, kisha ukafunguka. Sijui alikuwa ameuficha wapi. Kibibi cha Kihindi, kilo zake ni za debe la maharage, anapiga mwano kama mzaliwa wa Bariadi aliyeibiwa ng'ombe wote. Mbuzi akalala chini. Kisha ukapokelewa. Wachimbaji chini, sungusungu kati, abiria wa Geita juu, kama walivyopangwa, na safari hii washenga nao, bila kuambiwa.

Ulipokwisha Nikhil alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejishika kichwa.

"Mama. Unanipigia mwano mimi?"

"Nimeita watu," akasema, anahema. "Uliniuliza nikianguka nani atakuja. Haya, hesabu."

Nikhil akawatazama. Alianza kweli kuhesabu, namwona kidole, akafika kwa mgonjwa wa dripu akasita.

"Na huyu naye?"

"Nitakuja, kaka," akasema mgonjwa. "Nesi tu awe na nafasi."

Nikhil akacheka. Alicheka akalia, akacheka tena, akaenda akalibeba sanduku la chuma akalitwika kichwani mwenyewe, na Amosi akatangaza hukumu inayolingana na alichokwishaanza kukifanya: mwano ulikuwa wa kweli, kinanda hakina hatia, na mwenye kuchukua arudishe kwa kichwa chake.

Basi tukaondoka uwanjani mstari mmoja. Mbele Nikhil na sanduku, shingo imezama mabegani. Eustace wa kwaya amebeba kisanamu cha shaba kwa mikono miwili, kama anavyobeba vitu vya altare, anawafukuza watu wasikiguse. Abdulhalim na marehemu baba Nikhil kwenye shuka. Mimi na chuma cha chapati. Kinanda kilibebwa na wachimbaji kwenye karai, kinapampiwa njia nzima, na mji wote nyuma yake unaitikia tembo na maziwa, tembo ambaye kwa wakati huo watu walikuwa wameshampa jina la Kisukuma.

Bartholomeo alitufuata anakimbia. "Kamanda, mwakani tufanye tena?"

"Tufanye," akasema Amosi. "Ila usitangaze mazungumzo. Tangaza mwizi."

Nikhil alileta fundi kutoka Shinyanga kuja kutengeneza lile jino. Mama yake alimpa chai, fundi akapiga chafya, akarudishwa na vifaa vyake, jino libaki lilivyo. Sasa Nikhil huja kila akipata nafasi, anakaa barazani, anakula maandazi yangu na kusema ni laini, kwa hiyo bado simwamini. Na akiondoka, gari lake husimamishwa pale njia panda, sungusungu wanakagua buti kama lina mama ndani. Juzi walikuta chupa ya achari ya maembe. Akaulizwa: umepewa au umechukua? Wakamrudisha mpaka dukani ili mwenye mali aseme. Mama Nikhil akaitazama ile chupa, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, na akajimiminia chai kwanza, taratibu, makusudi, sungusungu wakingoja jibu.